Kaburi la Kuombea Kura

Mimi nilimkataza. Hilo nataka lijulikane kwanza, kabla hamjaanza kuninyooshea vidole. Nilimkataza Machogu, mwanangu wa kwanza, mbele ya watu, na kila mtu sokoni Daraja Mbili anajua Kemuma akikataza jambo husikika mpaka upande wa pili wa barabara. Lakini kampeni ikishaingia nyumbani, mama anageuzwa mtu wa kupika chai tu.

Mambo yalianzia Masimba. Mwakilishi wetu wa wadi alikuwa amefariki, uchaguzi mdogo ukatangazwa, na binti yangu Mokeira akasema anakitaka kiti. Sikushangaa. Mokeira amesoma, amezunguka na vikundi vya akina mama kila kijiji, na mdomo alirithi kwangu. Ila alikuwa ameolewa upande wa Nyamira, na ile ndoa ikavunjika kabla hata ng'ombe mmoja wa mahari hajakanyaga boma letu. Akarudi na sanduku lake, nikampa chumba chake cha zamani, tukaendelea na maisha.

Sasa siku ya mkutano wa wagombea wote, mpinzani wake Cleophas akashika maikrofoni. Huyu Cleophas ana duka la vifaa vya ujenzi hapo Masimba, mtu mnene, mcheshi, anapendwa hata na wasiompigia kura. Akasema, "Dada yetu Mokeira ni mtu mzuri, sina neno naye. Nauliza tu, na Mungu amweke: siku yake ikifika, mtamzika wapi? Kwa mume? Hana. Kwa baba? Tangu lini msichana akazikwa katikati ya boma la baba yake? Mtu asiye na kaburi hapa atatuongoza vipi hapa?"

Msiokuwa wa kwetu mtaona ni mzaha. Kwetu Gusii mtu hatakuuliza sana ulizaliwa wapi. Atataka kujua utalazwa wapi, maana hapo ndipo kwenu, na kwingine kote wewe ni mgeni hata ukikaa miaka mingapi. Watu walicheka, wanawake pia wakacheka, aibu yao. Nilimwona Mokeira akitafuta jibu na akalikosa. Haki ya Mungu nilitamani kumrushia yule mwanamume kiatu.

Jibu lililetwa na Machogu. Aliita mkutano nyumbani kwangu, bila kuniuliza, akaja na vijana wenye majembe na sururu. Wakaenda moja kwa moja chini ya migomba, karibu na kaburi la marehemu baba yake. Machogu akavua koti, akashika jembe, akapiga pigo la kwanza, akasema kwa sauti, "Naifungua nyumba ya Mokeira."

Jamani! Hayo maneno hayachezewi. Kwetu husemwa alfajiri ya mazishi, na husemwa mara moja tu, na mwenye jina akiwa tayari ndani ya sanduku. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe Machogu, una wazimu? Unamchimbia nani?"

"Mama, hii ni siasa tu," akanijibu huku akicheka. "Cleophas ameuliza kaburi, tunamwonyesha kaburi."

Wakachimba mpaka chini kabisa, kaburi kamili. Mokeira akasimama juu ya ule udongo mwekundu, mrefu, amevaa kofia yake nyeupe ya kampeni. "Cleophas aliuliza nitazikwa wapi," akasema. "Mwambieni ni hapa. Kaburi langu ndilo hili." Wee! Zile kelele, honi za bodaboda, vigelegele. Kufikia jioni video ilikuwa kwenye kila simu ya wadi. Na mimi, kwa hasira zangu zote, moyo ulinivimba nikimwangalia. Mtoto wangu alikuwa amepata kwao.

Watu walipoondoka, shemeji yangu Mogaka, mdogo wa marehemu mume wangu, hakuondoka. Alikuwa ameketi kwenye gogo, hajagusa chai. "Kaburi likichimbwa halilali wazi," akasema. Sote tulijua. Mwili ukikosekana, labda mtu amepotelea ng'ambo au majini, tunakata shina la mgomba, tunalivisha shuka, tunataja jina lake na kulizika. Lakini shimo halibaki na kinywa wazi.

Machogu akashika kiuno. "Baba mdogo, tukizika mgomba tukataja jina la Mokeira, si ndio tumemzika akiwa hai? Na tukifukia bila jina, kesho Cleophas atasema tumemnyang'anya kaburi. Tungoje kura ziishe."

Mogaka alinitazama mimi, akitumaini nitasema kitu. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilitaka binti yangu ashinde. Wakaweka mabati juu ya shimo, wakayawekea mawe, tukaingia ndani kula.

Haikupita wiki wakaanza kuja wanawake wa kijijini. Walikuja asubuhi, kundi zima, na kuni kichwani na ndizi mbichi, wamejifunga leso kiunoni kama tunavyoenda matangani. Mmoja wao akanikumbatia langoni akaanza kulia. "Pole, Mama Machogu. Tumesikia sasa hivi."

"Mmesikia nini?"

Wakaangaliana. Mokeira akatokea mlangoni na kikombe cha uji, akawasalimia vizuri tu. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Yule mwenye kulia alimgusa mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, halafu akazidi kulia. Nikawauliza ni nani aliyewaambia. Huyu aliambiwa na jirani, jirani aliambiwa na huyu, na wa mwisho alikuwa ameambiwa na wa kwanza. Wakaziacha zile kuni. Nikazikuta zimepangwa nyuma ya nyumba, kubwa chini na ndogo juu, tayari kwa kupikia umati.

Nikasema, ni Cleophas. Nani mwingine? Propaganda! Siku hizi watu wanamzika mtu kwenye WhatsApp, jioni wanakutana naye sokoni. Nilijiambia hivyo nikaridhika, mpaka Shariff alipokuja.

Shariff ana biashara ya kukodisha hema na viti mjini Kisii, kijana mstaarabu wa familia ya Kiislamu inayojulikana sana pale. Lori lake lilisimama langoni mchana. Akashuka, akavua viatu vyake vya wazi kabla ya kuingia sebuleni, akasema, "Shikamoo mama. Hema za Jumamosi tuziweke upande gani?"

"Za nini?"

"Za mazishi." Akaona uso wangu. "Samahani mama. Kuna dada alikuja dukani, akaeleza boma hili vizuri, migomba na kila kitu. Akasema ndugu zake wana shughuli nyingi, afadhali apange mwenyewe."

Kabla sijamjibu Mokeira akaingia kutoka uani. Shariff akanyanyuka. "Ndiye huyu," akasema. "Dada, si wewe ulikuja?"

Nilimgeukia binti yangu nikingoja amtukane, maana ndiyo tabia yetu. Mokeira alisimama akikuna kiganja.

"Sikumbuki," akasema.

Shariff alirudisha hema zake. Aliondoka kinyumenyume, akisoma dua kwa sauti ya chini, na sikumlaumu. Mimi nilimshika Mokeira mkono kumvuta jikoni, nikaona kucha zake. Zilikuwa na udongo mwekundu hadi ndani kabisa, na zingine zimevunjika. Mtu huyu hakuwa ameshika jembe tangu kampeni ianze, kazi yake ni kupanda magari na kushuka.

"Umetoka wapi?"

"Nimelala tu, mama. Siku hizi nachoka."

Nikaenda chini ya migomba. Mabati yalikuwa yameondolewa na kuegemezwa mti, taratibu, na mawe yamepangwa kando. Shimo lilikuwa limezidi kwenda chini kuliko walivyoliacha vijana. Kuta zake zilikuwa zimelainishwa kwa mikono, hata alama za vidole niliziona. Nikayarudisha mabati, na kesho yake nikayakuta yameegemezwa tena.

Basi nikafunga kitambaa nikaenda Masimba kumtafuta Cleophas. Nilikuwa nimeandaa matusi njia nzima. Nilimkuta dukani, ameketi katikati ya mifuko ya saruji, hana mteja, hana ule ucheshi wake. Aliponiona alinyanyuka na kuvua kofia.

"Mama Machogu, nilikuwa nataka kuja," akasema. "Nimeogopa."

"Uogope nini, wewe uliyeanzisha? Mwite mtu wako anayetangaza binti yangu amekufa, nimwone uso!"

"Sina mtu huyo. Naapa kwa watoto wangu." Akaketi tena kwa uzito. "Jana nimeenda kuomba kura kule juu. Kila nyumba wananipa pole. Wanasema, pole kwa kumpoteza mpinzani wako, alikuwa mtu mzuri. Nikawaambia Mokeira yuko hai, nimemwona. Wakanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Mzee mmoja akaniuliza, kwani kaburi hukuliona?"

Matusi yangu yote yaliniishia. Akaniambia yuko tayari kujiondoa, amwachie Mokeira kiti, ikiwa itasaidia. Nikamwuliza kama anaamini itasaidia.

"Hapana," akasema Cleophas. "Mimi niliuliza swali la kipumbavu tu, mama. Nyinyi mkalijibu. Lifukieni lile shimo."

Nilirudi nyumbani nikampigia Mogaka simu, nikamwambia alete panga. Machogu alianza tena habari za kura, kwamba zimebaki siku chache, kwamba tutaharibu kila kitu. Nilimwambia akinijibu neno moja zaidi nitamtupa yeye mle ndani, na nilikuwa sichezi. Akaenda akakata mgomba mwenyewe. Tukalivisha lile shina shuka jeupe la kitandani kwangu, tukalifunga kwa kamba katikati na kwenye miguu. Lilikuwa zito, na maji yake yalikuwa yakivuja kwenye shuka.

Tulikuwa sisi wanne, mchana, jua linawaka. Mogaka alisimama kichwani mwa shimo, akatukazia macho mmoja mmoja.

"Lazima nitaje jina," akasema. "Bila jina ni takataka tu, tumetupa mgomba shimoni. Shimo litabaki na njaa yake."

"Taja la Cleophas," Machogu akasema.

"Nyamaza, mpumbavu wewe! Mtu wa ukoo mwingine, ardhi hii inamjulia wapi? Hapa wanalala wa hapa."

Ndipo Mokeira akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu azaliwe, "Taja langu tu, baba mdogo. Si nilishasema ni langu? Nimechoka." Na alikuwa amekwisha vua viatu. Alisimama ukingoni pekupeku, vidole vya miguu vimeshika udongo, na anaangalia mle chini jinsi mtu aliyetoka safari anavyoangalia kitanda.

Sikufikiria. Mtadhani nilipima, nikaomba, nikaamua. Uongo. Niliogopa tu, na nikasema jina la kwanza lililokuwa karibu.

"Ni la Kemuma," nikasema. "Kaburi hili ni la Kemuma."

Machogu alilia kama mtoto. "Mama, hapana! Wewe mahali pako ni pale, upande wa baba!"

Nilijua pale palipo. Nimepapalilia miaka yote tangu mume wangu aondoke, kipande kile cha kushoto kwake, nimekipanda maua, nimekikalia jioni nikimsimulia bei ya ndizi. Pale ndipo ningelazwa. Nililia pia, siwezi kudanganya, nililia sana, si kwa ajili ya kufa bali kwa ajili ya kile kipande.

Mogaka akaniambia polepole, "Mama Machogu, ukishatajwa umetajwa. Sina namna ya kukutoa."

"Taja, baba. Mtoto anasubiri."

Akanitaja. Tukaliteremsha lile shina, nikatupa udongo kwa mkono wangu, wakafukia. Wakati wa kupiga udongo wa mwisho Mokeira aliketi chini ghafla, akaangalia miguu yake, akauliza, "Viatu vyangu viko wapi? Nani amenivua viatu?" Kisha akasema ana njaa. Alikula ugali na mboga ya chinsaga mpaka nikaihofia sufuria. Jioni hiyo akaenda mkutanoni, na sauti yake niliisikia nikiwa kitandani, inatoka kwenye vipaza sauti vya gari huko mbali, sauti yake ile ya zamani ya kugombana.

Nilimshukuru Mungu. Asubuhi nikaamka nikaenda sokoni Daraja Mbili na mikungu yangu ya ndizi za kuuza.

Meza yangu ilikuwa na mtu. Mwanamke tunayefahamiana miaka mingi alikuwa amepanga ndizi zake juu yake. Nilimsalimia. Aliangalia pembeni, akajipangusa machozi, akamwambia mwenzake, "Hapa ndipo alipokuwa akikaa. Huwezi amini." Nikapaza sauti, nikamwita jina lake. Akaanza kumhudumia mteja.

Ni Farhiya tu aliyenijibu. Farhiya anauza mitumba ng'ambo ya njia, wazazi wake walitoka mbali wakafika hapa kwa biashara. "Mama, njoo ukae hapa kwangu," akasema. "Hawa wana nini leo? Mbona wanasema umekufa?" Alinipa kiti na chai ya tangawizi. Tangu hapo nauzia pale kwake, kwa wageni na wapita njia, na wa kwetu hupita wakiona nguo tu.

Nyumbani si vibaya. Machogu huniwekea chakula mezani, ila hufunika sahani na kuondoka bila kukaa. Mogaka hunisalimia akiwa anatazama migomba. Wanawake walikuja na kuni tena, na mara hii nilizipokea. Walilala matanga usiku kucha, wakanisifu kweli kweli, na waliosema nilikuwa na hasira walisema ukweli.

Mokeira alishinda. Cleophas mwenyewe alikuwa wa kwanza kumpigia simu. Watu walisema alistahili, na wengine wakasema tumhurumie pia, amefiwa katikati ya kampeni na hakurudi nyuma.

Siku ya kusherehekea walijaza uwanja wa shule. Shariff alileta hema zake, na aliponiona langoni alisimama akaniambia, "Shikamoo mama, hongera," akanitafutia kiti mstari wa mbele kabisa. Nilikuwa nimevaa gauni langu la samawati. Mokeira alipanda jukwaani, mrefu, mzima, ngozi inang'aa, na kucha zake safi. Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma.

Akawashukuru vijana, akashukuru vikundi vya akina mama, akamshukuru hata Cleophas, watu wakacheka. Akatazama mstari wa mbele, akanitazama mimi, macho kwa macho, na machozi yakaanza kumtoka.

"Kuna mtu mmoja ningependa angekuwa hapa leo aone," akasema. "Naomba tusimame dakika moja, tumkumbuke mama yangu."

Uwanja mzima ukasimama, kofia zikavuliwa. Nikasimama na mimi, maana aliyeomba ni mtoto wangu.